Kabla ya kununua reli, soma kitabu

Na Mwandishi Wetu

Majira ya baridi huku Marekani ni marefu, na kila familia hutafuta la kufanya ndani ya nyumba. Sisi mwaka mmoja tuliamua kujenga reli ya mfano, yaani ile ya treni ndogo za umeme, pamoja na mtoto wetu wa miaka tisa. Tulinunua treni, reli na ubao wa plaiwudi wa sentimita 122 kwa 244. Ubao tukausukuma kwenye kona ya chumba cha wageni, na siku hiyo hiyo tukaanza kupigilia misumari.

Wiki ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Wiki ya tatu mtoto akauliza, "Hii treni inakwenda wapi?" Hatukuwa na jibu, kwani ilikuwa inazunguka tu. Mwezi wa pili ubao ule ulikuwa mahali pa kukunjia nguo, na fedha zetu zilikuwa zimekwenda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulilolikosa sisi lilikuwepo muda wote katika maktaba ya mtaa, na kuliazima ni bure.

Fani hii ina vitabu vingi. Jarida la Model Railroader lilianza mwaka 1934 huko Milwaukee, na kutokana na kazi ya wachapishaji wake vimetoka vitabu kadhaa vya kuchora ramani za reli. Kinachotajwa zaidi ni Track Planning for Realistic Operation cha John Armstrong, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Armstrong alifariki mwaka 2004, lakini wajenzi bado wanajifunza kwake.

Jambo la kwanza analofundisha halihusu reli hata kidogo. Anamtaka msomaji aandike orodha mbili. Ya kwanza ni ya mambo yasiyobadilika: ukubwa wa chumba, mlango ulipo, dirisha, mfuko wako. Ya pili ni ya yale unayoyatamani: treni ya abiria au ya mizigo, milima au bandari, kituo kimoja au vitatu. Sisi tulianza na ubao wa dukani, tukaacha ubao utuamulie yote.

La pili ni hesabu ya kona. Kipimo kinachotumika sana ni cha 1:87, ambapo behewa refu la abiria la Marekani lina urefu wa karibu sentimita 30. Kanuni ya wajenzi inasema nusukipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote, yaani karibu sentimita 90. Kona zetu zilikuwa na nusukipenyo cha sentimita 46, na mabehewa yalianguka kila mara. Tulidhani ni mabovu. Kumbe kona hizo zilifaa mabehewa mafupi ya mizigo, yale ya sentimita 15 hivi.

La tatu ni mwinuko. Vitabu vinashauri asilimia 2, maana yake reli ipande sentimita 2 kwa kila mita moja. Ukitaka reli moja ipite juu ya nyingine kwa daraja, unahitaji kupanda kama sentimita 10, hivyo mita 5 za kupanda na mita 5 nyingine za kushuka. Mzunguko wetu wote haukufika mita 6. Daraja tulilomwahidi mtoto lisingewezekana hata kwa muujiza.

La nne ni mkono wa binadamu. Mkono haufiki mbali zaidi ya sentimita 75 hivi bila kugonga kitu. Ubao wa upana wa sentimita 122 uliobanwa kwenye kona una sehemu usiyoifikia, na treni huangukia hapo hapo. Rafu nyembamba ya sentimita 40 ikizunguka kuta za chumba kile kile, pamoja na kipande cha kuondoa pale mlangoni, ingetupa zaidi ya mita 10 za reli, na kila kitu kingekuwa karibu.

Lakini somo kubwa ni lile la swali la mtoto. Armstrong anaitazama reli kama kazi: mzigo unatoka hapa, unahitajika pale, na treni mbili zikikutana kwenye njia moja lazima moja isubiri. Aliyewahi kusafiri kwa Reli ya Kati akasimama kituo kidogo akingoja treni ya mbele ipite, haelezwi zaidi. Kwa hiyo njia ya kupishania iwe na urefu wa kutosha treni nzima. Ikipungua kwa behewa moja tu, ratiba yote inavunjika.

Na asiye na chumba? Waingereza wana majibu, maana nyumba zao nyingi ni ndogo. C. J. Freezer, aliyekuwa mhariri wa Railway Modeller, alichora ramani nyingi za nafasi finyu. Mwenzake Alan Wright alibuni Inglenook: njia tatu fupi, moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu. Unakuwa na mabehewa manane, unapiga kura ya matano, kisha unayapanga kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, na ubao wake unakaa juu ya kabati.

Hiyo ndiyo tuliyoijenga mara ya pili, baada ya kuichora kwanza kwenye karatasi ya miraba. Hakuna kinachozunguka, na mtoto hukaa nayo jioni nzima. Kila behewa lina mahali pa kwenda.

Tahadhari moja kwa msomaji. Ramani za vitabuni si za kunakiliwa kama zilivyo, kwa kuwa zilichorwa kwa chumba cha mtu mwingine. Chukua kanuni, uache mchoro.

Sasa tunachora Voi, stesheni ambako njia ya Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliachana na reli ya Mombasa. Reli ile ya upana wa mita moja, kwa kipimo cha 1:87, inakaribia milimita 12, na reli za milimita 12 zinauzwa kwa wapenzi wa treni za Uswisi. Vichwa vya treni vya Afrika Mashariki itabidi tuviunde wenyewe.

Hadi sasa tumetumia penseli, raba na karatasi kumi na nne. Mchoro wa kumi na tano uko mezani, na msumari bado hatujanunua.