Dawa itokayo polepole

Wakubwa wetu wa Mumosho waijua taabu ya kinini. Dawa hiyo, itokayo katika ganda la mti wa kinkina uliopandwa katika milima yetu ya Kivu, humezwa kila saa 8 kwa siku 7. Kwa nini mara nyingi hivi? Kwa sababu mwili huivunja na kuitoa mbio. Ukimeza nyingi kwa mara moja, masikio yavuma na moyo waingia hatarini. Ukisahau, dawa yapungua na vidudu vya malaria vyapata nguvu tena.

Basi wataalamu walijiuliza: Je, dawa haiwezi kufungiwa ndani ya mwili, itoke kidogo kidogo, kama maji ya Ruzizi kwenye mlango wa bwawa?

Yawezekana, kwa chembe za duara, nyingi zao ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita. Zimefanywa kwa polimeri, maana yake mnyororo mrefu, wa asidi mbili: asidi ya laktiki, ile ile ya maziwa yaliyoganda, na asidi ya glikoliki. Dawa imetawanyika ndani yake. Munganga huzichanganya na maji na kuzipiga kwa sindano. Maji ya mwili huingia, hukata mnyororo, na dawa hutoka. Mwishoni polimeri yageuka maji na hewa ya kaboni tunayoitoa kwa pumzi. Kwa polimeri za jamii hiyo hufanywa pia nyuzi za kushonea vidonda ambazo hazihitaji kutolewa.

Mwendo wa dawa wapimwa namna gani?

1. Kadiri ya asidi. Zikiwa nusu kwa nusu, polimeri yaisha upesi. Laktiki ikizidi, yakawia.
2. Urefu wa mnyororo. Mrefu wakawia kukatika.
3. Ukubwa wa chembe. Ndogo zaguswa na maji mahali pengi, basi kwa kawaida zatoa dawa upesi.
4. Dawa iliyobaki juu ya uso. Hiyo yatoka kwa wingi siku ya kwanza; ikiwa dawa ni kali, mgonjwa aweza kudhurika.

Mwaka 1989 Marekani ilikubali leuprorelini ya namna hii kwa kansa ya tezi ya prostata: miligramu 7.5, sindano moja kwa mwezi.

Mbona basi kinini haikufanywa hivyo? Tazameni hesabu. Mtu mzima humeza karibu gramu 2 za kinini kila siku. Sindano gani yaweza kubeba mzigo wa siku 7? Njia hii yafaa dawa kali zitoshazo kwa kiasi kidogo. Tena, chembe zikiisha kuingia, hakuna awezaye kuzikusanya, hata dawa ikimkataa mgonjwa.

Kwa hiyo, ninyi mnaozuru wagonjwa, msiwaambie kwamba sindano moja yatosha kwa kila ugonjwa. Aliyepewa vidonge avimalize vyote, kwa saa zake, hata akijisikia amepona.