Ngogo wa Tanganyika: angalia pezi kabla ya kuandika ankara

Ngogo wadogo wenye madoadoa wanaovuliwa Ziwa Tanganyika kwa ajili ya matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani hufanana kiasi kwamba ni rahisi kuwapakia pamoja chini ya jina moja. Kosa hilo hugundulika mnunuzi akishafungua boksi, wakati nauli ya ndege imekwishalipwa.

Mkanganyiko una historia. Mwaka 2006 wataalamu Jeremy Wright na Lawrence Page walipitia upya ngogo wa ziwa hili na kutaja spishi tatu mpya, zikiwemo Synodontis lucipinnis na Synodontis grandiops. Kabla ya hapo lucipinnis aliuzwa kwa jina la petricola, spishi iliyotajwa tangu 1959, na jina hilo la zamani bado hujitokeza katika biashara.

Pa kuanzia ni tumboni. Multipunctatus, anayetafutwa kwa tabia yake ya kuwabebesha samaki wengine mayai yake kinywani, ana tumbo jeupe lisilo na madoa. Petricola na lucipinnis wana madoa hadi tumboni.

Kazi ipo katika kuwatenganisha hao wawili. Wote wana mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Kwa petricola, weusi hushuka hadi kwenye shina la pezi. Kwa lucipinnis, shina lina baka lililopauka, mithili ya dirisha. Ukubwa usiaminiwe: lucipinnis ni mdogo zaidi akikomaa, lakini petricola mchanga hulingana naye.

Grandiops naye huchanganyika na multipunctatus. Hapo huhesabiwa miale laini ya pezi la kifuani: 8 kwa multipunctatus, 7 kwa grandiops. Picha ya karibu hurahisisha.

Kwa muuzaji wa Kigoma, Bujumbura au Mpulungu jambo hili ni la fedha. Masoko ya nje yana samaki wa kufugwa, wakiwemo machotara, kwa bei ambayo mvuvi wa ziwani hawezi kushindana nayo. Anachouza yeye ni uhakika wa spishi na mahali alipovuliwa. Jina likikosewa kwenye ankara, uhakika huo umekwisha.

Wasafirishaji nao wakumbuke kwamba ngogo wote hawa wana miiba migumu mgongoni na kifuani, ambayo huisimamisha wakishtuka. Huwanasa katika wavu na hutoboa mfuko wa plastiki, kwa hiyo mifuko hupachikwa miwili au zaidi kabla ya kujazwa oksijeni.