Je, Wajua? Riwaya yako na kaunta buku la Isiolo

Je, wajua kwamba Shaaban Robert alisoma shule miaka minne tu? Aliingia darasani Dar es Salaam mwaka 1922, akamaliza 1926, na mwaka huohuo akawa karani wa forodha. Aliandika akiwa mtumishi wa serikali, na Kusadikika ikatoka 1951. Kwa hiyo kijana wa Bula Pesa, hapa Isiolo, anayesema hawezi kuandika riwaya kwa sababu hakufika chuo kikuu atafute sababu nyingine.

Je, wajua kwamba Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba Bwana Msa na kiko chake, alianza kazi kama mkaguzi wa afya Unguja? Baadaye akawa mwandishi wa habari. Muswada wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la East African Literature Bureau, na kitabu kikachapishwa 1960. Mwandishi alikuwa na miaka 42.

Na wajua kwamba Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto? The River and the Source ilitoka 1994, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta pamoja na ile ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika. Sijui kazi inayomchosha mtu kama wodi ya watoto.

Je, wajua kwamba jirani yako wa barabara hii hii ya Isiolo aliitikisa Kenya akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu? Meja Mwangi ni mzaliwa wa Nanyuki. Kill Me Quick ilitoka 1973, ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta 1974. Aliandika kuhusu vijana wawili wenye vyeti vya shule wanaolala vichochoroni bila kazi. Hakwenda kutafuta hadithi mbali.

Je, wajua kaunta buku la kwaya mbili lina kurasa ngapi? Ni 192. Ukijaza ukurasa mmoja kila siku, unalimaliza kwa miezi sita na siku chache. Ukurasa wa mwandiko wa kawaida hubeba maneno kama 250, kwa hiyo mwishoni una maneno 48,000, na hiyo ni riwaya fupi kamili. Hesabu hii ina nguvu kuliko hotuba zote za kutiana moyo nilizowahi kusikia, kwa sababu haikudai ujiamini kwanza. Inadai ukurasa wa leo tu. Wengi wanasubiri siku watakayojihisi waandishi ndipo waanze, na siku hiyo haiji kwa mtu ambaye hajaandika. Imani huja polepole, pale kidole kinapoanza kuhisi unene wa kurasa zilizokwisha kuandikwa.

Je, wajua kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima kwenye karatasi ya choo? Alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, akawekwa kizuizini Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Karatasi ya choo ya gereza ilikuwa ngumu na ya kukwaruza, mbaya kwa kazi yake lakini nzuri kwa kalamu. Akaandika kwa Kikuyu, usiku na mchana, bila kujua atatoka lini. Askari walipokipekua chumba chake waliuchukua muswada, kisha ukarudishwa. Caitaani Mũtharabainĩ ilichapishwa 1980. Nadhani kilichomshikilia ni kazi yenyewe: kila siku ilikuwa na sentensi ya kumalizia.

Je, wajua kwamba Things Fall Apart nusura ipotee? Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma London nakala yake pekee, iliyoandikwa kwa mkono, ili ipigwe chapa. Ikakaa miezi bila jibu, mpaka mkuu wake wa kazini alipokwenda mwenyewe kuifuatilia. Wewe una simu: kila jioni piga picha ukurasa wa siku hiyo na umtumie mtu unayemwamini.

Je, wajua kwamba Ernest Hemingway alikuwa akiacha kuandika akiwa bado anajua kinachofuata? Kesho yake hakukaa mbele ya karatasi akijiuliza aanzie wapi. Ujaribu.

Je, wajua kwamba kaskazini mwa Kenya na nchi jirani ya Somalia zimekwisha kuingia kwenye riwaya kubwa? Nuruddin Farah alimwandika Ebla, msichana wa wafugaji wa Somalia anayekimbia kuozwa mzee, katika From a Crooked Rib ya 1970. Yvonne Adhiambo Owuor alishinda Tuzo ya Caine 2003, na riwaya yake Dust, yenye nyumba na jangwa la kaskazini mwa Kenya, ikatoka miaka kumi baadaye. Miaka kumi! Anayekuambia umechelewa hajui kazi hii.

Je, wajua kwamba Isiolo yenyewe ni ghala? Asubuhi kina mama hupakia madumu ya maziwa ya ngamia kwenye mabasi ya Nairobi, yafike Eastleigh kabla hayajaharibika. Nani anayeyapokea huko, nani anayekopwa, nani halipi? Hapo pana sura tatu. Kwenye foleni moja ya duka unasikia Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mazungumzo ya riwaya huzaliwa hapo, si kwenye kamusi. Kaa, sikiliza, andika walivyosema.

Je, wajua kwamba muswada wako ni mali yako tangu unapouandika? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake, hata kabla ya kuusajili. Na Tuzo ya Kiswahili ya Safal, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Haikuulizi una kitabu kingine dukani.

La mwisho. Je, wajua Mtaa wa Wabera, katikati ya Nairobi, umepewa jina la nani? Ni Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo, aliyepigwa risasi akafa Juni 28, 1963, pamoja na chifu Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya uhuru. Maelfu hupita mtaani humo kila siku bila kumjua. Baada yao vikaja vita vya shifta, kati ya serikali na waasi wa Kaskazini, na watu wakakusanywa kambini Garba Tulla na Merti, mifugo ikateketea. Nataka kuisoma habari hiyo katika riwaya, kwa Kiswahili kinachosemwa Isiolo, iliyoandikwa na mtu ambaye nyanya yake alikuwepo. Kama mtu huyo ni wewe, mwendee nyanya wiki hii na kaunta buku mkononi. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1963 sasa amevuka sabini.