Kwa Nini Gesi ya Songo Songo Haitiwi katika Mtungi wa Jikoni

Mtu akitikisa mtungi wa gesi ya kupikia husikia kimiminika kikicheza ndani yake. Kilichomo humo, kwa sehemu kubwa, si gesi bali ni propani na butani katika hali ya umajimaji, ambazo hugeuka gesi kidogo kidogo kila vali inapofunguliwa. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa wilayani Kilwa mwaka 1974, nayo huwaka kwa mwali wa buluu. Lakini ilipoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004 haikuletwa kwa mitungi ya aina hiyo. Ilibidi litandazwe bomba la zaidi ya kilomita 200, kwanza chini ya bahari, kisha nchi kavu. Sababu imo katika tabia ya gesi yenyewe.

Molekuli ndogo, mvutano hafifu

Karibu gesi yote ya Songo Songo ni methani, haidrokaboni iliyo sahili kuliko zote. Molekuli yake ni atomu moja ya kaboni iliyozungukwa na atomu nne za haidrojeni kwa ulinganifu kamili. Kwa kuwa molekuli hizo ni ndogo na zenye ulinganifu, huvutana kwa nguvu hafifu sana. Ndiyo maana methani huchemka kwenye nyuzi 161.5 za sentigredi chini ya sifuri. Propani, yenye atomu tatu za kaboni, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Na butani, yenye atomu nne, karibu na sifuri yenyewe.

Kikomo kisichoshindika kwa nguvu

Huenda mwanafunzi akauliza: je, methani haiwezi kushindiliwa mpaka iwe kimiminika? Swali hilo liliwasumbua mabingwa wa karne ya 19. Kufikia mwaka 1845 Michael Faraday wa Uingereza alikwisha kuzigeuza gesi nyingi kuwa vimiminika, lakini methani ilimshinda, ikahesabiwa miongoni mwa gesi zilizoitwa "za kudumu". Jibu lilipatikana mwaka 1869, Thomas Andrews wa Belfast alipoeleza majaribio yake juu ya kaboni dioksidi. Aligundua kwamba juu ya nyuzi 31 gesi hiyo haigeuki kimiminika hata ishindiliwe vipi. Kila gesi ina kikomo chake cha halijoto. Juu ya kikomo hicho mwendo wa molekuli huushinda mvutano wao, na kanieneo peke yake haifui dafu.

Kikomo cha propani ni takriban nyuzi 97, na cha butani ni nyuzi 152. Katika joto la nyuzi 30 zote mbili zi chini ya vikomo vyao. Propani hukubali kuwa kimiminika kwa kanieneo ya mara kumi hivi ya ile ya hewa, ambayo mtungi wa chuma huimudu. Kikomo cha methani ni nyuzi 82.6 chini ya sifuri. Kwa hiyo katika joto la Dar es Salaam imepita kikomo chake kwa zaidi ya nyuzi 110.

Njia tatu za kuisafirisha

Ugumu huo una gharama. Kilo moja ya methani ikiungua hutoa megajuli 55 hivi, kuishinda petroli. Lakini lita moja ya methani katika kanieneo ya kawaida hutoa kilojuli 37 tu, ilhali lita ya petroli hutoa zaidi ya 30,000. Basi gesi hiyo hupitishwa katika bomba. Au hushindiliwa kwa kanieneo ya mara 200 hivi katika mitungi minene, kama ile ya magari yatumiayo gesi asilia. Au hupoozwa mpaka iwe kimiminika, ambapo ujazo wake hupungua takriban mara 600. Njia ya tatu ilivuka bahari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, meli Methane Pioneer ilipochukua shehena kutoka Marekani hadi Uingereza. Kwa sababu hiyo hiyo, gesi iliyogunduliwa katika bahari kuu ya Tanzania tangu mwaka 2010 haiwezi kupelekwa masoko ya ng'ambo kwa meli pasipo kiwanda kikubwa cha kuipooza.

Somo la jikoni

Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam hutumia methani ya bomba, na nyingine gesi ya mtungi. Zikivuja, hazina mwenendo mmoja. Mita moja ya ujazo ya hewa, kwenye nyuzi sifuri, ina gramu 1,293; ya methani ina gramu 717 tu, hivyo methani hupanda na kujikusanya chini ya dari. Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa sakafuni. Methani huweza kulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa ya chumba. Kwa kuwa yenyewe haina harufu, hutiwa kemikali yenye harufu kali ili uvujaji utambulike.

Anayeisikia harufu hiyo asiwashe kiberiti wala asiguse swichi ya umeme. Afunge vali ikiwa yaweza kufikiwa, afungue milango na madirisha, kisha awatoe watu nje. Na akumbuke kuwa matundu ya juu ya ukuta hutoa methani, lakini gesi ya mtungi huhitaji upenyo ulio chini, usawa wa sakafu.