Istilahi za Kisu cha Kukunja

Istilahi hupimwa kazini, mikononi mwa mtu anayezitumia. Katika makala haya tutaeleza mfano mmoja mdogo, yaani maneno ya kutunza na kutengeneza kisu cha kukunja.

Katika karne ya 19 Mazinde, chini ya milima ya Usambara, ilikuwa makao ya Semboja, kwenye njia ya misafara ya Pangani. Bidhaa za pwani zilipita hapo, na Kiswahili kilifuatana nazo. Huko juu milimani, Lushoto, hulimwa mapeasi na matufaa, na mkulima anayebebesha miche huhitaji kisu kidogo chenye makali mema. Kisu butu huchubua gome. Kikonyo hakishikamani na shina, nacho hukauka.

Mwandishi wa makala haya alipata kuona karatasi ya maelezo iliyofasiriwa hivi: “Chemchemi ikilegea, kisu kisitumike.” Mkulima aliyesomewa aliuliza kisu hicho kina maji gani. Wote walicheka, lakini onyo lenyewe lilipotea, na kisu kilicholegea huweza kujikunja juu ya vidole.

Neno lifaalo lipo: ni kamani, ambalo mafundi wa saa wamelizoea. Asili yake ni Kiajemi, ambako kaman ni upinde, nalo lilipitia Bara Hindi. Maana hiyo yaafiki kazi yake, kwani kamani ni chuma kinachopindika na kurudi. Wengine husema springi, nalo laeleweka. Lakini isiitwe kufuli. Katika visu vingi vya aina hii kamani haifungi bapa. Hulishikilia kwa mkazo tu. Anayeambiwa kuwa kisu kina kufuli atakikandamiza kwa mgongo wa bapa, naye atajikata.

Sehemu nyingine ni bapa, lenye makali, ncha na mgongo, mpini, na ribiti, msumari ambao bapa huzunguka juu yake. Tusiiite bawaba, kwa maana bawaba ina mabamba mawili. Ribiti ikilegea, bapa hucheza. Fundi huiweka juu ya fuawe na kuigonga taratibu kwa nyundo. Akizidisha, kisu hakifunguki. Utomvu hufutwa kila baada ya kazi, tone la mafuta hutiwa penye ribiti, na makali hunolewa kwa kinoo. Tupa hula chuma kingi, hivyo itumike penye pengo tu. Ikiwa kisu kimenolewa upande mmoja, upande wa pili uachwe bapa kama ulivyo.

Ni dhahiri basi kwamba mfasiri hana budi kuuliza kitu kinafanya kazi gani kabla ya kufungua kamusi. Fundi aliye karibu naye huenda analo neno tayari. Tunawaomba walimu na wafasiri wayakusanye maneno kama hayo na kuyaleta Barazani.