Askari wa Plastiki Mwenye Kimo cha Mtu

Yoram Wolberger, msanii wa sanamu aliyezaliwa Israel na anayefanyia kazi zake California, humchukua askari wa plastiki anayeenea kiganjani mwa mtoto, akampima kila upande kwa kompyuta, kisha akamuunda upya kwa faibaglasi hadi akalingana na mtu mzima. Harekebishi kitu. Mshono ulioachwa na kalibu kiwandani unabaki wazi, na kasoro ambazo mtoto hakuwahi kuziona zinageuka ulemavu wa kutisha: uso usio na macho kamili, mwili uliobanwa bapa, miguu iliyogandishwa kwenye kitako chake. Nionavyo mimi, nguvu ya sanamu hizi imo katika kubadilisha mahali tunaposimama. Mtoto anayewapanga askari sakafuni huwatazama kutoka juu, kama jemadari mbele ya ramani. Askari akishakuwa na kimo chetu, ujemadari huo unatutoka, na inatubidi tumtazame usoni.

Mahali hapo pa jemadari pana historia. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani. Madini yaliyohitajika yalipungua, bei ikashuka, na watoto wengi zaidi wakapata majeshi yao. Winston Churchill alikuwa na askari wapatao 1,500 utotoni. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1930 anaeleza jinsi baba yake alivyokuja kulikagua jeshi hilo, akamuuliza kama angependa kuingia jeshini, na jinsi wanasesere hao walivyoyageuza maisha yake. Baadaye ndiye aliyeiongoza Uingereza katika Vita Kuu ya Pili.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mamilioni wamecheza vita bila kumdhuru mtu, na wanasema kweli. Mwandishi H. G. Wells alikwenda mbali zaidi: mwaka 1913 alichapisha kitabu cha kanuni za kuchezea vita sakafuni, akidai kwamba anayeucheza mchezo huo atatambua upumbavu wa vita halisi. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani. Mchezo haukuileta vita hiyo, wala haukuizuia. Lakini Wolberger hahitaji tukubali kwamba mwanasesere humfanya mtoto muuaji. Kinachotosha ni kuona kwamba humzoesha kuamuru watu wasio na jina, wanaoanguka na kusimamishwa tena. Wazazi wa Marekani walilihisi jambo hilo: mwanasesere G.I. Joe, aliyeingia sokoni mwaka 1964 akiwa mwanajeshi, aligeuzwa mvumbuzi na msafiri mwanzoni mwa miaka ya 1970, vita vya Vietnam vilipokuwa vimewachosha watu.

Pingamizi la mwisho ni kwamba sanamu hizi hutazamwa na watu wazima kwenye majumba ya sanaa, ilhali wanaocheza ni watoto. Hapo ndipo penyewe. Wanaopitisha bajeti za silaha na kuwatuma vijana vitani ni watu wazima, na wengi wao hawajawahi kushuka kutoka pale juu walipoketi utotoni. Hatuna haja ya kumnyang'anya mtoto askari wake. Tuna haja ya kumdai kila mwenye mamlaka ya kutuma jeshi ayajue majina ya anaowatuma kabla hajatia saini.