Nesi yuko zamu ya usiku, mtoto analala na nani?

Saa kumi na mbili jioni, Kayole. Dadangu amevaa sare, ananikabidhi mtoto, chupa mbili za maziwa na onyo: "Ukimpa simu achezee, tutaongea asubuhi." Huyo, mbio hadi steji. Yeye ni nesi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na hapa ploti wananiita yaya mwenye ndevu.

Tukizungumzia manesi wanawake, watu husifu moyo wa huruma. Sawa, lakini huruma haimpi mtu cheo. Dadangu alimaliza diploma KMTC akapata leseni, na kila mwaka sharti aonyeshe alama za mafunzo ndipo leseni iendelee. Sasa anasomea digrii akiwa kazini. Ukiniuliza anachokosa zaidi, si akili wala bidii. Ni masaa.

Alipotoka likizo ya uzazi, ile miezi mitatu ya sheria, alirudishwa zamu ya usiku moja kwa moja. Maziwa alikuwa anakamulia kwa stoo ya mashuka, mgongo umeegemea mlango ili mtu asiingie. Hebu fikiria, hospitali nzima inafundisha akina mama kunyonyesha, na nesi anajificha! Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kazi hiyo. Wiki hizo alitaka kuacha masomo kabisa. Barua alikuwa ameshaandika.

Aliyemwokoa ni matroni mmoja, mama wa watoto wanne. Hakuitisha mkutano. Alichukua ratiba, akafuta jina la dadangu kwa usiku wa kuamkia mitihani, akaliandika siku nyingine. Kisha akamwambia, "Mimi pia nilishikiwa mtoto." Barua ikaishia kwa jaa.

Na si jambo geni. Mwaka wa 2005 AMREF, Baraza la Wauguzi na wizara walianzisha masomo ya kompyuta ili manesi wenye cheti wafikie diploma bila kuacha kazi. Maelfu walipita hapo. Mama mwenye watoto hangeweza kufunga virago akakae bweni miaka miwili. Masomo yalimfuata alipo.

Halafu kuna Anna Qabale Duba, nesi wa Marsabit aliyeshinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi kule Dubai mwaka wa 2022, dola 250,000. Mtandaoni tulipigia kelele hizo pesa (hata mimi, nilipiga hesabu kwa shilingi). Lakini kilichonikaa kichwani ni ile shule aliyoanzisha kijijini kwao: watoto asubuhi, wazazi wao jioni. Huyo anajua mama husoma saa ngapi.

Kwa hivyo vijana wenzangu mnaoposti "hongera manesi" kila Mei 12, sawa, posti. Ila nani anaosha vyombo kwenu dada akiwa na kitabu? Mimi nilianza kwa kulazimishwa, sijifanyi malaika. Nepi ya kwanza niliivalisha nyuma mbele.

Asubuhi amerudi, macho mekundu, mtihani Alhamisi. Swali la kwanza: mtoto alilala saa ngapi?

"Saa tatu," nikasema.

Ilikuwa saa sita, na simu alikuwa nayo.